Askari Ishirini na Baiskeli Zao: Kutoka Missoula mpaka St. Louis, 1897

Msomaji mpenzi, huenda umepata kuona, au walau kusikia habari zake, mashindano ya baiskeli yasiyokimbizwa juu ya lami. Waendeshaji huchagua kwa makusudi njia za changarawe, za mawe na za vumbi, na kadiri milima inavyozidi na ardhi inavyobadilika, ndivyo wanavyofurahi. Hapa kwetu Kenya, mwaka 2021 yalianzishwa mashindano ya namna hiyo ya siku nne katika nchi ya Maasai Mara, na wageni wakatoka ng'ambo kuja kushindana na vijana wetu. Watu wengi huudhani mchezo huo kuwa ni wa siku hizi. Lakini jambo lenyewe lilipata kufanywa zamani katika milima ya Rocky huko Marekani, wala halikufanywa kwa mchezo. Waliolifanya walikuwa askari weusi ishirini, wajukuu na watoto wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka bara letu. Habari yao ndiyo nitakayo kukusimulia, nami nakuomba uisome ukiwa na swali moja moyoni: katika safari ile ni kitu gani kilichokuwa kikipimwa, na ni nani aliyekuwa akipimwa?

Yafaa tukumbuke kwanza jinsi baiskeli yenyewe ilivyokuwa changa. Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885, kazi ya John Kemp Starley wa mji wa Coventry. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo aliyekaa Belfast, alitengeneza mpira wa kujazwa upepo. Kabla ya hapo mpanda baiskeli alitikiswa mifupa katika kila jiwe. Mambo hayo mawili yalipokutana, Ulaya na Marekani zilishikwa na wazimu wa baiskeli, na haukupita muda majeshi nayo yakaanza kuitazama kwa macho ya tamaa. Sababu ni nyepesi kuifahamu. Farasi hula, hunywa, huugua, hulia usiku, na hutimua vumbi ambalo adui huliona toka mbali. Baiskeli haili wala hailii. Tena askari anayeishuka anaweza kuilaza chini na kupigana bila kumwacha mwenzake nyuma ashike hatamu.

Hayo yalikuwa maneno ya mezani. Huko magharibi mwa Marekani ilibidi yajaribiwe njiani, na njia hazikuwako. Mahali pengi palikuwa na mikondo ya magari ya kukokotwa na ng'ombe au farasi tu, iliyochimbika wakati wa mvua na kukauka migumu kama mfupa wakati wa jua.

Katika Jeshi la Marekani la wakati ule zilikuwako rejimenti nne za askari weusi, mbili za wapanda farasi na mbili za askari wa miguu. Rejimenti ya 25 ya askari wa miguu ilikuwa moja ya hizo. Iliundwa mwaka 1869, miaka minne tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Askari wake walikuwa weusi. Maofisa wao, isipokuwa wachache sana, walikuwa weupe. Serikali iliziweka rejimenti hizo mbali na miji mikubwa, katika nchi za magharibi, na tusifiche neno: sehemu ya kazi yao huko ilikuwa kuwazuia wenyeji wa asili wa nchi ile wasitetee ardhi yao. Mnyonge mmoja kutumiwa juu ya mnyonge mwingine ni jambo ambalo wewe umelikuta pia katika historia ya Afrika, kwa hiyo halitakushangaza. Mwaka 1888 rejimenti hiyo ililetwa katika jimbo la Montana, na baadhi ya kombania zake zikakaa Fort Missoula, ngome ndogo iliyozungukwa na milima.

Huko ndiko alikopelekwa Luteni James A. Moss, kijana wa Louisiana aliyemaliza Chuo cha Kijeshi cha West Point mwaka 1894 akiwa wa mwisho kabisa katika darasa lake. (Mwanafunzi atakaye kujifariji kwa habari hiyo asisahau kwamba mtu yuyo huyo aliandika baadaye vitabu vingi vya mafunzo vilivyosomwa na jeshi zima.) Moss alikuwa mpenzi mkubwa wa baiskeli. Mwaka 1896, kwa idhini ya Jenerali Nelson A. Miles, mkuu wa jeshi, alichagua askari wanane akaunda kikosi cha baiskeli.

Aliwafundisha kwa bidii. Walijifunza kuvuka ukuta wa mbao wenye urefu wa futi tisa pamoja na baiskeli zao kwa muda wa sekunde ishirini hivi: mmoja hupanda na kuvuta, mwingine husukuma toka chini. Walijifunza kuvuka mito ya maji baridi, baiskeli zikiwa zimetundikwa kwenye mti unaochukuliwa mabegani na watu wawili, kama tuchukuavyo mzigo wa nyama. Mwezi wa Agosti walikwenda Ziwa McDonald na kurudi, maili 126 kwa siku nne, katika mvua na miti iliyoanguka njiani. Kisha wakafunga safari kubwa zaidi ya kwenda na kurudi mpaka bustani ya taifa ya Yellowstone, karibu maili 800 kwa jumla. Iko picha ya siku zile inayoonekana katika vitabu vingi hata leo: askari wamesimama na baiskeli zao juu ya vidaraja vyeupe vya mawe ya chokaa vya Minerva, wamenyooka sawasawa kana kwamba wako katika kiwanja cha gwaride.

Mwaka huo huo wa 1896, mwezi wa Mei, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imetoa hukumu katika kesi ya mtu aitwaye Plessy, aliyeshitakiwa huko Louisiana kwa sababu alikaa katika behewa la weupe. Majaji walisema kwamba kuwatenga watu weusi na weupe katika magari ya moshi si kosa, mradi mahali pao pawe sawa. Mahali hapo hapakuwa sawa kamwe, na kila mtu alijua. Nakutajia hukumu hiyo sasa kwa sababu askari wa Missoula walikuwa raia wa nchi iliyotoa hukumu hiyo, na walikuwa wakivaa nguo za jeshi lake.

Basi ukaja mwaka 1897, na Moss akaomba ruhusa ya safari ya mwisho ya kumaliza ubishi: kutoka Missoula mpaka mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, maili 1,900, yaani kilometa 3,000 na zaidi. Ukitoka Mombasa mpaka Kisumu, ukarudi Mombasa, kisha ukaenda Kisumu tena, hujaifikia safari hiyo. Njia ile haikuchaguliwa ovyo. Moss aliitaka kwa sababu ilikuwa na kila aina ya ardhi na hali ya hewa: milima na theluji, mabonde ya matope, nyanda kavu, mchanga, jua kali, na mwisho mashamba yenye unyevu ya mashariki. Kama baiskeli ingeshinda hapo, ingeshinda popote.

Waliondoka alfajiri ya tarehe 14 Juni 1897. Walikuwa watu 23: askari ishirini weusi waliojitolea, Moss mwenyewe, daktari wa jeshi James M. Kennedy, na kijana wa miaka 19, Edward Boos, aliyekuwa akiandikia gazeti la Missoula. Mkubwa wa askari alikuwa Sajini Mingo Sanders, mwenye umri wa miaka 39, aliyekuwa amekwisha kutumikia jeshi miaka 16. Jicho lake moja lilikuwa limeharibika kwa mlipuko, haoni nalo vizuri. Mwingine wa kukumbukwa ni John Findley, aliyepata kufanya kazi katika kiwanda cha baiskeli huko Chicago. Huyo alikuwa fundi wao. Safari ingekwama mara nyingi kama si mikono yake.

Hebu tuziangalie baiskeli zenyewe. Zilitengenezwa na kampuni ya Spalding, na rimu zake zilikuwa za chuma ili zistahimili mawe. Baiskeli tupu ilikuwa na uzito wa ratili 32. Ikiisha kufungwa blanketi, kipande cha hema, nguo na chakula ilifikia ratili 59 hivi. Bunduki na risasi 50 zilikuwa juu ya mtu mwenyewe. Chakula kilikuwa kikiwangoja njiani katika vituo, kama maili mia toka kimoja hata kingine, na kila mtu alichukua cha siku mbili. Maana yake ni kwamba wakichelewa kwa mvua au matope, watakuwa na njaa. Na walichelewa, na njaa iliwapata.

Jambo jingine ni la ufundi, nalo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Baiskeli ya leo iliyotengenezwa kwa njia za changarawe ina mipira minene isiyojazwa upepo mwingi, ili itambae juu ya mawe isirukeruke, nayo ina gia nyingi, hata mpandaji aweze kuzungusha miguu kwa wepesi katika mwinuko mkali. Baiskeli za mwaka 1897 zilikuwa na gia moja tu na mipira myembamba. Penye mwinuko askari alishuka akasukuma. Penye mchanga gurudumu lilizama, akashuka akasukuma. Mtu akikwambia kwamba walipanda baiskeli maili 1,900, ongeza maneno haya: sehemu si ndogo walikwenda kwa miguu, na baiskeli ikawa mzigo.

Siku za kwanza mvua iliwapiga. Udongo wa Montana una sifa mbaya: ukiloa hunata kama gundi. Msomaji aliyewahi kupita kwenye udongo mweusi wa nchi tambarare za Kano au Mwea wakati wa masika hahitaji maelezo. Tope lilijaa kati ya gurudumu na fremu mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Askari wakalikwangua kwa vijiti na vidole, wakaenda hatua chache, wakalikwangua tena. Ilipokuwa haiwezekani kabisa walipanda juu ya tuta la reli, wakaendesha juu ya mataruma. Fikiri mwendo huo: kila taruma ni pigo moja la rimu ya chuma, na pigo lile hupanda toka gurudumuni mpaka menoni. Walikwenda hivyo maili nyingi, siku baada ya siku.

Baada ya siku chache walifika kwenye mgongo wa bara, karibu na mji wa Helena. Mahali hapo maji ya mvua hugawanyika, mengine yakashuka kwenda bahari ya Pasifiki na mengine kwenda Ghuba ya Meksiko. Urefu wake juu ya bahari ni kama futi 6,000. Najua mwanafunzi wa Limuru atacheka, kwa maana yeye huamka kila siku akiwa juu kuliko hapo. Lakini huko ni mbali na ikweta, na urefu huo ulitosha kuwaletea theluji katikati ya Juni. Walipanda katika mvua iliyochanganyika na barafu, mikono ikafa ganzi, na njia ikawa mkondo wa maji. Kisha ukaja mteremko, ambao pengine ulikuwa wa hatari zaidi, kwa kuwa baiskeli nzito juu ya mawe yaliyoloa haimsikilizi mtu.

Kutoka hapo walifuata mabonde mpaka Billings, wakapita karibu na Little Bighorn, ambapo miaka 21 nyuma Wahindi Wekundu wa Lakota na Cheyenne walikuwa wamemshinda Kamanda Custer na watu wake. Wakaingia Wyoming, nchi kavu yenye upepo, ambako mji na mji hutenganishwa na mwendo wa siku nzima. Sitakuchosha na kila kituo.

Nebraska ndiko walikoteseka kupita kote. Huko kuna vilima vya mchanga vinavyoendelea kwa maili nyingi, na mwezi wa Julai joto lilizidi digrii 100 za Farenhaiti, yaani zaidi ya 38 za Selsiasi. Juu ya mchanga baiskeli haikuwa na faida yoyote, kwa hiyo walirudi tena kwenye reli, wakasukuma na kuendesha karibu maili 170. Maji yaliyopatikana yalikuwa ya magadi. Wengi waliokunywa waliumwa na matumbo, na Luteni Moss mwenyewe akawa mmoja wa wagonjwa. Ikambidi daktari Kennedy ashike uongozi kwa muda. Askari mmoja alirudishwa nyumbani kutoka huko. Waliobaki, kumi na tisa, waliendelea. Mwanafunzi wa jiografia atazame ramani hapa kwa makini: milima mirefu ambayo kila mtu aliiogopa waliivuka kwa siku chache, na mchanga wa chini ambao hakuna aliyeuogopa nusura uwashinde.

Walipoingia Missouri njia zilikuwa bora, lakini nyuso za watu zilibadilika. Missouri ilikuwa nchi ya utumwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kumbukumbu hiyo haikuwa mbali. Huko magharibi wakulima walikuwa wakitoka kuwatazama kwa mshangao na kuwapa maji. Hapa walikuwako waliochukizwa kuwaona weusi wenye bunduki na nguo za Serikali. Hebu fikiri: watu wamevuka theluji, tope na mchanga kwa amri ya nchi yao, halafu wananuniwa na raia wa nchi ile ile.

Tarehe 24 Julai 1897 waliingia St. Louis. Mamia ya wapanda baiskeli wa mji walitoka kuwalaki, na watu wapatao elfu kumi walikwenda kuwatazama katika bustani ya Forest Park walikopiga kambi. Safari ilikuwa imechukua siku 41, na siku za mwendo wenyewe zilikuwa kama 34. Katika siku hizo za mwendo walipata zaidi ya maili 50 kwa siku moja. Tazama hesabu hiyo tena ukikumbuka tope na mataruma. Askari wa miguu akienda maili 15 au 20 kwa siku, huhesabiwa kuwa amefanya kazi. Moss aliandika taarifa yake akasema kwamba baiskeli imejithibitisha: ni ya haraka na ya gharama ndogo, na inafaa kusaidiana na farasi na miguu, kila kimoja mahali pake.

Hapa turudie swali letu. Taarifa ilisema baiskeli imejithibitisha. Lakini baiskeli haikujisukuma katika mchanga wa Nebraska, wala haikujikwangua tope. Jeshi lilitaka kupima chombo, likapata jibu ambalo nusu yake lilikuwa juu ya watu, na nusu hiyo halikuiandika. Karibu yote tunayoyajua yametoka katika kalamu za watu wawili, luteni na kijana wa gazeti, wote weupe. Wametuhifadhia hesabu za maili, uzito wa mizigo na hali ya hewa, nasi tuwashukuru. Sauti za askari wenyewe ni chache mno. Mwanafunzi wa historia akumbane na pengo hilo mapema, kwa maana atalikuta katika habari za wapagazi wa misafara yetu, na za wajenzi wa reli ya Uganda, na mahali pengine pengi ambapo aliyechukua mzigo siye aliyechukua kalamu.

Askari walirudi Missoula kwa gari la moshi. Moss aliomba safari nyingine, ya kwenda San Francisco, hakuruhusiwa. Mwaka 1898 Marekani ilipigana na Hispania, na Rejimenti ya 25 ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitwa. Ilikwenda Kuba bila baiskeli, ikapigana El Caney tarehe 1 Julai. Kikosi cha baiskeli hakikuundwa tena, na miaka michache baadaye magari ya moto yakaanza kuchukua kazi ambayo Moss aliitakia baiskeli.

Sanders aliendelea na utumishi. Alisema mwenyewe baadaye kwamba huko Kuba kanali mmoja wa wapanda farasi wa kujitolea, ambao walikuwa na njaa, alimwomba awagawie biskuti ngumu za kombania yake, naye akawagawia. Kanali yule alikuwa Theodore Roosevelt. Kufikia mwaka 1906 Roosevelt alikuwa Rais wa Marekani, na Sanders alikuwa Sajini wa Kwanza wa kombania B, kambini Brownsville, Texas, mji ambao haukuwataka askari weusi.

Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo risasi zilipigwa mjini. Mwuza baa mmoja akafa, na polisi mmoja akajeruhiwa. Watu wa mji walisema ni askari weusi. Maofisa weupe wa ngome walisema askari wao walikuwamo kambini. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani. Askari wote waliulizwa wamtaje mkosaji, wote wakasema hawamjui, na kwa sababu hiyo Rais aliamuru 167 kati yao wafukuzwe bila heshima. Sanders alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametumikia miaka 26, naye akapoteza cheo, kazi na pensheni kwa siku moja. Aliomba arudishwe, hakurudishwa.

Mwaka 1972 Jeshi la Marekani liliichunguza upya habari ile, likatangua adhabu, likawapa waliofukuzwa hati za kuondoka jeshini kwa heshima. Karibu wote walikuwa wamekwisha kufa. Hati ya Mingo Sanders iliandikwa kwa jina la mtu aliyekuwa kaburini tangu mwaka 1929.